Kizibao Kilichokula Dawa Yangu

Jumamosi, Kamalondo. Oktoba, joto, mvua bado.

Tangu asubuhi mbingu zimefunga, zikafunguka, zikafunga tena, bila kutoa hata tone. Umeme ulikatika mapema, kwa hiyo nimenyoosha nguo za wateja kwa pasi ya makala, yaani ya mkaa, na aliyewahi kushika pasi ya makala Lubumbashi mwezi huu anajua ninachosema. Lakini roho yangu ni nyepesi. Leo nimecheka kuliko nilivyocheka wiki nzima.

Wengi mnaonisoma hapa huja kwa ajili ya kola, mifuko na namna ya kuchagua kitambaa cha suti. Leo pia nitasema juu ya suti. Ila ni yangu mwenyewe, na nitaanzia mbali kidogo.

Nina saratani ya tezi dume. Hapa kwetu watu husema "prostate", tena wanashusha sauti. Yangu iligunduliwa ikiwa imeshatoka kwenye tezi na kuingia kwenye mifupa ya nyonga, na kwa fundi wa kushona nyonga ndiyo kazi yenyewe, maana ndiyo unayokalia kutwa nzima mbele ya mashini. Kabla ya matibabu nilifika mahali pa kushona nimesimama, mguu mmoja kwenye pedali, huku nikiwapigisha wateja soga ili wasiulize kwa nini sikai.

Madaktari walinieleza kwamba ugonjwa huu unalishwa na homoni ya kiume. Ukiikata homoni hiyo, ugonjwa unalala. Haufi, lakini unalala. Hapa mjini kuna utafiti unaolinganisha njia mbili za kuikata: wengine wanapigwa sindano iliyozoeleka, wengine wanabandikwa vibandiko vyenye homoni ya kike, ambayo inaufanya mwili uache kutengeneza ile ya kiume. Huchagui mwenyewe. Kompyuta inakupangia, na hata daktari hawezi kuibembeleza. Nilikubali, kompyuta ikanipa vibandiko. Vinakaa tumboni, chini ya kitovu, navibadilisha mara mbili kwa wiki.

Vimenifaa, nalisema hilo bila kumung'unya maneno. Maumivu yameondoka, usiku nalala, na nimerudi kukaa kwenye kiti changu.

Vimeniotesha matiti pia.

Docteur Mujinga, mama anayetufuatilia kwenye utafiti, alinionya tangu siku ya kwanza kwamba wanaume wengi wenye vibandiko kifua kinawajaa. Nilimjibu kwamba hakuna shida. Nadhani nilikuwa nawaza kifua cha watu wengine. Mimi ni mtu wa kujipenda, sikatai. Kamalondo hii wananijua kwa jinsi koti linavyonikaa, na mteja akiingia hapa kwanza ananikagua mimi, ndipo anauliza bei.

Sasa, Jumamosi ijayo binti yangu Nathalie anafunga ndoa. Mimi ndiye nitakayetembea naye kutoka mlangoni mwa kanisa mpaka mbele, watu wote wakitutazama. Nilijikatia suti ya sufu ya kijivu yenye kizibao, ile gilet inayovaliwa chini ya koti. Sikujipima. Nilitumia vipimo vyangu vya zamani, ambavyo navijua kichwani tangu ujana, na mwili ulipokataa nikashonea ndani ya kizibao kile kitambaa kigumu tunachotumia kusimamisha kifua cha koti. Nikaongeza cha pili juu yake. Kikabana. Nikajitazama kwenye kioo, nikamwona mwanaume wa zamani, nikampenda sana.

Basi nikaanza kukivaa kila siku, chini ya shati, eti nikizoee kabla ya harusi. Katika joto hili. Mke wangu aliniangalia akasema neno moja tu: "Papa Nathalie, utajipika mu ile gilet." Nikamwambia ashughulike na mashini yake.

Juzi Alhamisi nilikwenda kupata majibu ya damu. Docteur Mujinga aliyasoma, akayarudia. Homoni ya kiume, ambayo miezi yote hii ilikuwa imelala chini kabisa, imeanza kupanda. Akaniuliza kama kuna siku naruka kubadilisha vibandiko. Nikasema siruki, na ni kweli. Akaniomba nivue shati nimwonyeshe.

Nikavua, kizibao kikaonekana. Akasubiri nifungue vifungo. Kibandiko kimoja kilikuwa kinaning'inia kwa pembe moja. Cha pili hakikuwepo. Alikitafuta kiunoni, akakitafuta mgongoni, mwisho akakigeuza kizibao ndani nje na kukikuta pale kwenye bitana, kimejibandika vizuri kabisa, hakina hata mkunjo.

"Papa," akasema, "iyi dawa inatunza gilet. Haitunze weye."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Alinieleza bila kunizungusha. Jasho na ule mbano vinavibandua vibandiko, dawa haiingii mwilini, na homoni ikiendelea kupanda, kile kilicholala kwenye mifupa kitaamka. Akanikumbusha pia kwamba niko huru. Nikitaka kutoka nitatoka, nitapewa sindano, na hakuna atakayeninunia. Ila kifua, akasema, kikishajaa hakirudi nyuma kirahisi, hata nikibadili dawa. Nifikirie, na baada ya harusi nirudi kupimwa damu tena.

Njia nzima ya kurudi nyumbani niliogopa. Niliogopa kufa, na niliogopa kuonekana, na kilichonikera ni kwamba hofu hizo mbili zilikuwa na uzito mmoja.

Jana asubuhi nilishika mkasi mdogo nikaanza kufumua. Nilitoa kile kitambaa kigumu cha juu, nikatoa na cha chini, na kadiri nyuzi zilivyokuwa zikikatika ndivyo akili ilivyokuwa ikinirudia. Dawa hii ndiyo iliyonirudisha kitini. Ndiyo itakayonifikisha mbele ya kanisa kwa miguu yangu mwenyewe. Niiache kwa sababu ya koti? Mimi, ninayekata makoti?

Nikachagua kitani chepesi, rangi ya mchanga. Hakuna kizibao. Koti litakuwa huru tumboni ili vibandiko vipumue, na kifuani nitaweka pince, ile mikunjo midogo ninayoshonea blauzi za akina mama ili kitambaa kifuate mwili. Katika koti la mwanaume sijawahi kuiweka. Nitaiweka, na itakaa vizuri, kwa sababu nitaishona mimi.

Kilichobaki ni kipimo. Na mtu hawezi kujipima kifua peke yake, utepe unateleza mgongoni.

Hapa lazima niwaeleze tunavyofanya kazi. Mimi napima, naita namba kwa sauti, na Mama Nathalie anairudia kutoka kwenye mashini yake kule nyuma, ndipo naiandika kwa chaki kwenye kitambaa. Tumefanya hivyo tangu tulipooana. Kuna wateja wasiopenda, hasa wenye vitambi, kwa kuwa mlango uko wazi na mtaa mzima unasikia. Huwa nawatania kwamba mtaa umeshakiona hicho kitambi, anayejificha ni wewe peke yako. Maneno matamu sana ukiwa wewe ndiye mwenye utepe.

Mama Nathalie angenipima, na asingesema lolote, maana tangu Alhamisi yeye ndiye anayenikagua vibandiko asubuhi. Lakini sikuwa namwogopa yeye.

Mchana huu amekuja Kaumba, mdogo wangu anayeniita Yaya, yaani kaka mkubwa, kujaribu suti yake ya harusi. Kaumba anatengeneza magari kule Makomeno. Ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna kifungo. Anachokijua Jumamosi, ukoo mzima unakijua Jumapili. Nilipoanza vibandiko aliniuliza mbele ya shemeji zetu, "Yaya, sasa banakugeuza mwanamuke?" Nilicheka pamoja nao, lakini tangu siku ile sijavua shati mbele yake.

Suti yake imemkaa vizuri. Alipokuwa bado anajigeuza mbele ya kioo, nikavua shati langu nikampa utepe.

"Pima kifua," nikamwambia.

Akatazama. Nikamwacha atazame mpaka amalize. Kisha akaupitisha utepe mgongoni mwangu, akauleta mbele polepole, kwa adabu ambayo hata magari ya wateja wake hayajawahi kuipata.

"Yaya," akasema, "mi nilizania ni bukari njo inakunenepesha." Eti ugali ndio unaninenepesha! Nikacheka.

"Ni dawa. Njo inanitunza. Sema numero."

Akaisema kwa kunong'ona. Kaumba huyu huyu, ambaye akinong'ona kanisani padre anageuka. Nilimwangalia nikaona macho yake yamelowa, nikaelewa kwamba alikuwa ananisetiri, na kwamba miezi yote hii nimekuwa nikimkimbia mtu ambaye angenishika.

"Sema na nguvu," nikamwambia. "Mama Nathalie asikie."

Akaiita. Mama anayeuza makala ng'ambo ya barabara akainua kichwa. Ni namba kubwa, sijawahi kuisikia kwa mwanaume mwenye mabega membamba kama yangu. Kule nyuma mashini ikanyamaza, nami nikabaki nimesimama katikati ya duka langu, kifua wazi, chaki mkononi.

Halafu Mama Nathalie akairudia, kwa sauti ile ile anayorudia namba za wateja wote, na mashini ikaendelea.

Nimeiandika kwenye kitani. Vibandiko vimeshika, nimevigusa sasa hivi kabla ya kuandika haya. Kesho misa ikiisha ukoo wote utakuwa unaijua namba yangu. Mimi nitakuwa hapa, nimekaa kitini, nakata koti.