Kigari cha Kubeba au cha Kukodi

Ijumaa, 25 Julai 1997

Nimemaliza kumkanda Kabula miguu. Mafuta ya pamba yamekwisha, nikatumia samli. Goti la kushoto linakunjika vizuri kuliko wiki iliyopita. Au nataka kuamini hivyo.

Alilia kidogo, kisha akaniambia nikande polepole, la sivyo ataniacha aolewe na mwingine. Ni mjukuu wangu, mtoto wa Masanja. Kwa desturi yetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, na bibi yake ni mke mwenzake. Utani huo ndio dawa pekee isiyokwisha humu ndani.

Ana miaka saba. Ugonjwa wa kupooza ulimpata akiwa na miwili, siku chache baada ya kuanza kutembea. Baba yake yuko machimboni Geita. Mama yake aliolewa tena Ushirombo. Tumebaki watatu.

Januari anapaswa kuanza darasa la kwanza. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote. Huyu wa kwangu hajaona ubao.

Jumapili, 27 Julai

Nimezungumza na mke wangu, Mama Masanja, baada ya misa. Hataki. Anasema shuleni watamcheka mpaka afe kwa fedheha. Tangu mtoto augue, mke wangu humbeba mgongoni, amemfunika kwa khanga mpaka vidole vya miguu, na hampeleki mbali zaidi ya kisima. Kanisani hukaa naye benchi la mwisho na kutoka kabla ya wengine.

Sikumbishia. Mwalimu anayebisha na mzazi mlangoni hupoteza mwanafunzi.

Nikamwambia jambo jingine. Kabula amesikia redioni kwamba Nane Nane, kwenye maonyesho ya wakulima ya Mwanza, kutakuwa na pembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao. Tangu hapo hali chakula vizuri. Nikaomba tumpeleke.

Alisonga ugali mpaka ukaiva. Kisha: "Tumpeleke. Akirudi bila mtu kumcheka, tutaongea habari za shule. Wakimcheka, usinitajie tena shule mpaka nizikwe."

Nimekubali. Sasa naogopa. Nimeweka masomo ya mtoto mikononi mwa watu nisiowajua.

Jumanne, 29 Julai

Swali ni namna ya kumpeleka. Uwanja ni mkubwa. Mgongo wa Mama Masanja hauwezi tena kumbeba siku nzima, ingawa hakubali. Wangu uliacha kazi zamani.

Leo nilikwenda dukani kwa Mama Shabnam kununua mafuta. Nilimsimulia habari za safari. Watoto wake wote wamekua. Aliingia ndani akarudi akisukuma kigari cha mtoto, kile cha kukunja, kitambaa cha buluu kimepauka.

"Mwalimu, chukua. Shabnam alikaa humu mpaka akaanza kutukana watu njiani."

Nikamwambia nasikia Mwanza vinakodishwa. Akacheka. "Cha kukodi unakijua ukishakikalia."

Nimekiacha kwanza. Nataka kufikiri.

Alhamisi, 31 Julai

Nilirudi kukipima. Nimechukua na kamba ya kupimia.

Kigari hicho kilitengenezwa kwa mtoto wa miaka mitatu. Kabula ni mwembamba, angeenea, lakini miguu ingening'inia mbele kila mtu aione. Magurudumu ni madogo kama vikopo vya maziwa. Kwenye lami yanakimbia. Kwenye mchanga yanazama, na uwanja wa maonyesho ni mchanga. Halafu basi. Kingepanda juu kwenye keria pamoja na magunia ya mchele na mitungi, na ni mali ya mtu. Kikirudi kimepinda nitamtazama vipi Mama Shabnam?

Upande wa pili, ukiwa na chako hungoji mtu. Mtoto akichoka anakaa, akisinzia anasinzia. Hili nalo lina uzito.

Mzee Lugwisha, jirani, alikwenda mwaka jana. Anaapa kwamba getini alimwona kijana anakodisha viti vya magurudumu, vikubwa, vya hospitali. "Unakaa kama mkuu wa mkoa," alisema. Nilimuuliza aliviona vingapi. Akasema yeye si mwalimu, hahesabu vitu vya watu.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeamua. Tutakodi kulekule. Kiti kikubwa, magurudumu makubwa, hakuna mzigo njiani.

Nimemweleza Mama Masanja sababu zote. Alisikiliza akichagua mchele. Kisha akauliza kama nimekiona hicho kiti kwa macho yangu. Nikasema bado. Akaendelea kuchagua mchele.

Jumatano, 6 Agosti

Kabula hajalala mchana siku mbili. Anataka kujua kama farasi wa mbao ana jina. Nimemwambia farasi wa Mwanza wanazungumza Kisukuma tu, basi amekuwa akijizoeza kuwaamkia. "Mwangaluka," anauambia mto wake.

Nimepita mbele ya duka la Mama Shabnam nikatazama upande mwingine. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti. Igoma, Mwanza

Tumefika salama. Vumbi tangu kwetu Kahama mpaka Shinyanga. Kabula alikaa mapajani mwangu, khanga miguuni, akatazama ng'ombe wote wa njiani. Kondakta aliuliza kwa nini mtoto mkubwa hivi anapakatwa. Kabula akamjibu kabla yetu: "Huyu ni mume wangu. Wewe wako yuko wapi?" Basi zima likacheka. Mama Masanja hakucheka. Aliivuta khanga chini zaidi.

Juu ya keria kulikuwa na vitanda viwili, jokofu na mbuzi. Kigari kingepata nafasi tele. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Tumefikia kwa shemeji yangu Getruda. Miguu inaniuma.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulifika getini asubuhi. Kijana wa viti yupo, Mzee Lugwisha hakudanganya. Kiti ni kimoja. Kilikwishachukuliwa na mtu mwenye mguu wenye plasta. Tulingoja mpaka jua likawa kali. Hakurudi.

Kilichobaki kukodi ni matoroli, yale ya kubebea mizigo na zege. Mwenye toroli, mtu mzima mpole, alilipangusa akatandika gunia. Tukaongeza blanketi tuliloazimwa na Getruda. Tulimkalisha Kabula, lakini toroli likiinuliwa linainamia mbele, naye hana miguu ya kujizuia. Akateleza mara mbili. Ikabidi tumlaze.

Mama Masanja akatazama watu waliojaa njiani. Akafungua khanga yake ya pili akamfunika. Miguu kwanza. Kisha, kwa sababu ya jua na vumbi, akavuta mpaka usoni. "Lala hivyo hivyo, mama. Tukifika kwenye farasi nitakufunua." Mtoto akatii. Mimi nilisimama pale na sikuona ubaya wowote. Kichwa kilikuwa kinapigia hesabu umbali.

Tukaanza kwenda. Mwenye toroli mbele akisukuma, Mama Masanja pembeni mkono juu ya khanga, mimi nyuma nimevua kofia kwa ajili ya joto.

Watu wakaanza kutupisha. Nikafurahi. Nikasema moyoni, watu wa Mwanza wana adabu kwa wagonjwa. Wanaume waliokuwa wakitafuna miwa wakaitupa chini wakavua kofia. Kwenye banda la redio muziki ukapunguzwa. Mama mmoja mwenye kapu akaja akatembea nyuma yetu, kimya. Kisha wawili. Kisha wengi.

Kwetu mzigo wa namna hiyo haupiti peke yake. Hata kama humjui, unausindikiza hatua chache, kwa kuwa wako nao utapita siku moja. Najua desturi hii tangu utoto. Nimeifuata mara nyingi. Nilichelewa kuitambua kwa sababu safari hii nilikuwa mimi ninayesindikizwa.

Nilitambua pale mzee mmoja mwenye koti kuukuu alipolisimamisha toroli. Aliweka noti juu ya khanga, kifuani. Akamwambia mke wangu, "Pole sana, mama. Mungu ametoa, Mungu ametwaa."

Mama Masanja akaganda.

Chini ya khanga Kabula akauliza: "Bibi, nani amekufa?"

Mama mwenye kapu akapiga yowe, kapu likaanguka, nyanya zikasambaa. Wengine wakakimbia. Mwenye toroli aliachia vishikio, na kama si miguu ya toroli kutua sawa tungemmwaga mtoto. Kisha kicheko kikaanza nyuma, cha woga kwanza, halafu cha kweli. Walicheka sana. Nilijua maana yake. Nikatazama chini. Shule imekwisha, nikawaza. Imekwisha kwa sababu ya mahesabu yangu.

Mama Masanja akaivuta khanga. Yote. Miguu ya Kabula ikabaki juani, myembamba, inang'aa samli ya jana. Sijawahi kuiona nje ya nyumba yetu. Mtoto alikuwa amefumba macho kwa mwanga.

Mke wangu si mtu wa kupaza sauti. Leo alipaza.

"Huyu hajafa! Anaitwa Kabula, binti Masanja, wa Kahama. Ni miguu tu. Mtazameni vizuri, kisha mtupishe, anakwenda kupanda farasi wa mbao."

Kicheko kikakatika. Mama mwenye kapu alirudi, akamshika Kabula mguu, taratibu, kama anahakikisha una joto. Akasema, "Ee, mzima huyu," akampa nyanya.

Mzee mwenye koti alibaki anaitazama noti yake. Mke wangu akamrudishia. Akakataa kwa mikono miwili. "Rambirambi hairudi mfukoni, mama. Mkosi huo. Mwache akapande hao farasi wake."

Kabula alipanda pembea kwa rambirambi zake mwenyewe. Nimeandika sentensi hii nikakaa muda mrefu nikiitazama.

Mwendesha pembea alikataa mtoto apande peke yake, naye alikuwa na haki. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumbembeleza Kabula. Mama Masanja akavua kandambili, akapanda farasi upande mmoja, kama apandavyo nyuma ya baiskeli, akanyoosha mikono. "Mlete." Akamkalisha mbele yake. Wakazunguka. Miguu minne ikaning'inia, miwili inarusharusha, miwili imetulia.

Walipanda tena. Mara zote nilisimama chini nikapunga kofia.

Jumamosi, 9 Agosti. Igoma

Tumepumzika. Kabula amelala mpaka jua kali. Alipoamka amewasimulia watoto wa Getruda namna alivyofufuka. Kila anaposimulia waombolezaji wanaongezeka.

Mama Masanja amefua ile khanga, ameianika. Nilimwomba radhi kuhusu kigari. Nilisema nilipima magurudumu, nikapima keria, sikupima jambo la kwamba mtoto anatakiwa akae wima. Aliyekaa hakuna atakayemdhania maiti.

Akasema, "Hata ungekileta, ningemfunika."



Jumatatu, 11 Agosti. Kahama

Tumerudi. Mzee Lugwisha alikuja kuuliza kama kiti kilikuwa kizuri. Nilimwambia kilikuwa kizuri sana, kilikuwa na mtu. Akaelewa akaenda zake.

Walimcheka. Hilo ndilo jambo. Sharti lilikuwa asichekwe, na amechekwa na uwanja mzima. Sitataja shule. Niliahidi. Mtu aliyefundisha watoto kutimiza ahadi hana pa kutorokea.

Nimeanza kumfundisha mwenyewe irabu kwa mkaa sakafuni. Si sawa. Mtoto anahitaji wa kubishana nao, si mzee mmoja anayempa vema kila mara. Nina huzuni nzito leo, na sitaki kuipamba.

Alhamisi, 14 Agosti

Irabu zote tano anazijua. Ameniuliza watoto wengine huimba vipi darasani. Nikamwimbia. Sauti yangu imechakaa. Mama Masanja alikuwa mlangoni, akaondoka.

Jumatano, 20 Agosti

Mchana kulikuwa na upepo. Mama Masanja alitoka asubuhi bila kusema aendako, Kabula mgongoni. Walirudi na kitambaa cha buluu na kipande cheupe cha shati.

Akaazima cherehani kwa jirani. Akamlaza mtoto mkekani, akamnyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, akaweka utepe wa kupimia kiunoni.

Akaniuliza bila kuinua kichwa: "Mwalimu, sketi ya shule inatakiwa ifike wapi?"

Nilieleza kwa kirefu, kama nilivyozoea. Kwamba kanuni inasema chini kidogo ya goti, kwamba shule nyingine huruhusu ndefu zaidi, kwamba kwa mtoto mwenye sababu maalumu mwalimu mkuu anaweza kukubali hata ya kufika kwenye vifundo vya miguu.

Aliningoja nimalize.

"Wenzake wanavaa ya wapi?"

"Gotini," nikasema.

Akatia alama ya chaki gotini. Akakata.