Ukuta wa Mjomba

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, mumeo na huyo mjukuu wangu asiyependa kulala. Mimi mzima, ila hili goti lina maisha yake. Kushona naendelea, cherehani inalalamika kuliko mimi.

Habari kubwa: mjomba wako anagombea udiwani! Kura za mchujo za chama ni tarehe 28, na mpinzani wake ni yule mkunga aliyenizalisha nilipokupata wewe. Safari hii hakuna karatasi wala sanduku. Wagombea wanasimama uwanjani, kila mtu anapanga foleni nyuma ya anayemtaka, halafu tunahesabiwa. Sasa niambie, mimi nitajificha wapi? Mashati yake ya kampeni nimeshona mimi. Mgongoni yameandikwa “Kazi Mpaka Mwisho”. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Wewe unaonaje? Usinizungushe.

Mama yako

13 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Huku sote hatujambo. Mtoto ameota jino la pili, anang’ata hata kona za meza. Kazini, pale tunapofua mashuka ya hospitali, wamenipa usimamizi wa mashine za kukaushia, kwa hiyo mikono yangu imepona ile sabuni.

Umesema nisizungushe. Mjomba nampenda, lakini mama, kazi mpaka mwisho ipi? Ukuta wa jiko lako aliuanza nikiwa darasa la sita. Nimeolewa, nimezaa, ukuta bado uko kiunoni! Kozi ya umeme aliiacha imebaki mitihani tu. Hata hadithi alizokuwa akitusimulia, alikuwa anaondoka katikati, tunabaki tumekodoa macho. Wakimpa kata, nayo itaishia kiunoni.

Simama nyuma ya mkunga. Mjomba atanuna wiki mbili, yataisha.

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Natumaini hamjambo na jino limetulia. Mwandiko huu nisamehe, naandika kwa kukisia. Miwani niliikalia. Hata uzi natungiwa na wateja.

Barua yako ilifika mjomba wako akiwa hapa anajaribu shati, na kina mama wawili wanasubiri nguo zao. Nikampa anisomee. Wala sikuwaza. Akaanza kwa ile sauti yake ya mikutano, jino la mtoto, mashuka, vizuri kabisa. Alipofika kwenye ukuta sauti ikashuka. Nikamwambia basi, inatosha. Akakataa. Akaisoma yote, mpaka “Mwanao”. Wale wateja walikuwa wanaangalia dari.

Aliikunja, akavua shati, akaliweka juu ya cherehani, akaondoka. Leo siku ya tatu hajakanyaga hapa. Nimetuma watu, anasema ana kampeni.

Kosa la kumpa barua ni langu, lakini maneno ni yako. Mwandikie. Ndugu niliyebaki naye ni huyo mmoja, na nikimkosa sitashonewa mwingine.

Mama yako

15 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Vipi mume na mtoto? Anayeandika ni mimi mjomba wako. Miwani mipya haijafika, kwa hiyo mama yako anasema, mimi naandika.

Anasema mtoto mpe karoti ya baridi atafune. Anasema mkunga ameshinda kwa watu mia mbili na kumi na wanne. Nyuma yangu walisimama kumi na mmoja. Anataka niandike kwamba wa kwanza alikuwa yeye.

Ni kweli. Niligeuka nikamwona, na goti lake hilo. Nikamwambia, “Dada, nenda kule. Najua unamtaka mkunga.” Akanijibu, “Mkunga ana watu. Wewe una mimi.” Nililia palepale, mbele ya msimamizi wa uchaguzi na kalamu yake.

Haya sasa ni yangu. Barua yako ya kuniomba radhi nimeipata. Uliniumiza, sikufichi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilitafuta neno la uongo mle ndani nikalikosa. Nimekusamehe. Na wewe nisamehe zile hadithi.

Jumatatu baada ya kura nilikoroga saruji. Mama yako aliendelea kushona. Leo asubuhi alisimama upande wa pili wa ukuta akaniita ninywe chai. Nilimsikia, sikumwona.

Mjomba wako