Mzuri Sana, Kila Wiki

Koboko, West Nile

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi goti lako? Na ule ukuta wa jikoni, umeshatengenezwa au fundi bado anasema kesho? Mimi mwili mzima. Moyo ndio unaoniuma, na hapa sina wa kumwambia, basi nivumilie wewe.

Uliuliza kwa nini chuo kikuu kimenitoa Kampala kunileta mbali hivi. Ni mazoezi ya ualimu wa Kiingereza, Mama, muhula mmoja. Tumeletwa wawili wawili. Mmoja akifundisha, mwenziwe anakaa nyuma ya darasa na daftari, anaandika makosa yake kila wiki. Mwenzangu ni Sebi, Mnubi wa hapa hapa Koboko, na nalala kwao. Mama yake hunipikia kisra, mkate mwembamba kama chapati ya maji, na mchuzi wa simsim, ufuta kwetu. Nisipomaliza ananuna kama wewe.

Unanijua, nikisimama mbele za watu sauti hunipotea. Sebi hakunificha. Wiki ya kwanza aliandika kwamba naongea na ukuta na watoto wa nyuma hawanisikii. Niliona haya, lakini nikajirekebisha. Kila wiki akinipasha, na kila wiki nikipata nguvu.

Yeye naye ana kosa moja. Waingereza wana neno la kumtajia mwanamume na jingine la mwanamke. Sisi tunasema "yeye", yamekwisha. Sebi huyachanganya, na sasa darasa zima linamtaja mama kama mtu mwenye ndevu. Nami daftarini niliandika nini? Mzuri sana. Kila wiki, mzuri sana.

Niliogopa, Mama. Kaka yake ni mwanajeshi, na nchi hii siku hizi mtu hamkosoi ndugu wa mwanajeshi. Zaidi sitaandika. Alipokuja likizo, tukiwa tunakula, akanigeukia: "Mwalimu, ndugu yangu naongea Kingereza muzuri?" Nikameza tonge. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mzuri sana, afande." Akafurahi, akaniongezea nyama. Sebi akanawa mikono, akatoka.

Asubuhi yake, njiani kwenda shule, Sebi alinisimamisha.

"Kule Kampala kila mutu naogopa mimi. Wao naandika tu muzuri, muzuri. Mimi nasema, huyu nakula na sisi, huyu ataambia mimi kweli. Makosa yangu iko wapi?"

Nikamwambia hana kosa. Wallahi, Mama, nilikuwa nalo mdomoni na sikulitoa.

Alhamisi mkaguzi wa chuo akaja kututahini. Sebi akaonyesha watoto picha ya mwanamke anayetwanga, akaanza kumweleza kwa lile neno la wanaume. Mkaguzi akamsahihisha mbele ya watoto mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu akafunga kitabu chake. Sebi ameanguka, atarudia mwaka. Mimi nimefaulu.

Zimebaki wiki tatu. Nikihama, kaka mtu atauliza kwa nini. Nikikaa, mama mtu ananiwekea sahani na kuniuliza, "Mwanangu, kosa ya Sebi ilikuwa nini? Si wewe ulikaa kule nyuma?" Najifanya nina chakula mdomoni. Sebi mwenyewe hanitukani. Ananisalimu na kunipisha mlangoni, laiti angenipiga.

Jana alinirudishia daftari la makosa yangu, ameshaniandikia ukurasa wa mwisho. Ni mstari mmoja tu: "Sasa anasikika mpaka nyuma."

Nisalimie dada Mwanaisha, aliyenifundisha kusoma. Mjomba Omari fundi cherehani mwambie koti alilonishonea halijaachia hata uzi. Shangazi asiache kuniombea dua, lakini barua hii usimsomee yeye wala mtu yeyote.

Mimi mwanao, nisikikaye mpaka nyuma,

Athumani