Chumvi Kwenye Mbolea ya Kinyala

Masasi

Baba yangu,

Shikamoo. Ugonile, tata, umeamkaje? Natumaini mgongo umepoa na mvua za Kinyala zinakuacha ulale. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Naandika kwa sababu nikimtaja mama kwenye simu, unakata.

Mahindi yako yalipoungua ncha za majani, siku chache tu baada ya kuweka mbolea, ulisema ni manung'uniko ya mama, kwa kuwa uling'oa magimbi yake upate pa kupanda. Najua kwetu wanasema manung'uniko ya mtu wa nyumbani hukausha shamba. Lakini kumrudisha kwa kaka yake kule Ibighi na kikapu kimoja, uzeeni! Iliniuma, baba, na bado inaniuma.

Mama aliondoka na konzi ya mbolea ile kwenye pindo la khanga, akanitumia kwa basi. Kemia ndiyo kazi yangu, basi nikaipima darasani. Vikombe vitatu vya maji ya mvua: kimoja chumvi, kimoja sukari, kimoja mbolea yako. Nikaunga betri, nyaya na kitaa cha tochi. Kwenye chumvi kiliwaka, maana chumvi ni kampaundi ya ioni. Ikiingia majini chembe zake zenye chaji huachana na kupitisha umeme. Sukari ni ya kovalenti, molekuli zake hazina chaji, kitaa kikabaki kimezima. Urea, mbolea uliyouziwa, nayo ni ya kovalenti, ilipaswa kuwa kama sukari. Ya kwako iliwasha: imechanganywa chumvi, na chumvi ndiyo iliyounguza mahindi yako. Wanafunzi wakashangilia, mimi nikatoka nje.

Ukibisha, weka kidogo kwenye kijiko juu ya mkaa. Urea huyeyuka upesi. Chumvi haiyeyuki kwa moto wa jikoni, itabaki punje punje ikipasukapasuka. Mimi nimeiona kwa macho yangu.

Aliyekuuzia ni mdogo wako mwenyewe, baba mdogo wa dukani Bulyaga. Sijui kama aliichanganya yeye au alichanganyiwa. Najua tu kwamba kwake hukwenda hata kuuliza. Ilikuwa rahisi kumhukumu aliyelala ubavuni mwako.

Nilidhani mama atafurahi. Nilipompigia akasema, "Mwanangu, chumvi ya baba yako nimeitia mimi chunguni tangu usichana wangu. Leo ndio anahitaji kitaa cha tochi ili anijue?" Swali hilo ni lako, baba. Jibu unalo wewe, na Ibighi si mbali.

Nisalimie shangazi anayekupikia siku hizi, na babu jirani anayekusaidia kukata migomba. Baba mdogo sina salamu zake.

Nilimwomba mama salamu zako nizitie humu. Alisema hana.

Binti yako,
Tumpe