Maziwa ya Majivu

Jumapili, 6 Mei 1956
Miezi minane tangu tutoke Asembo, kando ya ziwa, kuja kuchuma chai. Mvua. Kikapu cha chai kimenikata bega. Tumekula posho na kabichi tena. Hapa hakuna samaki, hakuna ugali wa mtama. Awino, binti yetu, hataki huu mweupe wa mahindi. Miguu yake imevimba. Nywele zimekuwa nyekundu.

Jumatano, 9 Mei
Mama Afya, anayefundisha wake wa vibarua kupika, amemwona Awino. Anasema mtoto amekosa maziwa. Kampuni itamlipa Chebet wa Kiptere, mwenyeji mwenye ng'ombe, alete kibuyu cha maziwa kila asubuhi. Anyango, mke wangu, aliitikia tu. Mimi nilifurahi. Mara ya kwanza hapa.

Jumapili, 20 Mei
Kibuyu huja kimejaa, hurudi kitupu. Awino amevimba hata uso. Mama Afya anasema Wajaluo hatuna subira. Nimemchukia. Mbwa wa jirani ananenepa, sijui anakula nini.

Jumanne, 22 Mei
Nimejua. Nilirudi mapema, nina homa. Anyango alikuwa nyuma ya nyumba, anammwagia mbwa maziwa. Maziwa ya kijivu, yana vumbi jeusi.

“Baba Awino, sitamlisha mtoto majivu. Kwetu anayekuletea chakula huonja kwanza. Huyu anaweka mlangoni, anaenda.”

Nilitaka kumpiga. Sikumpiga. Mimi pia sijawahi kuchungulia ndani ya kibuyu.

Jumatano, 23 Mei
Nilimwita Chebet. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ni makaa ya mti. Kwao husugua nayo kibuyu ndani, maziwa yakae bila kuharibika.

“Mama Awino, nyinyi mnakula samaki na macho yake, halafu mnaogopa makaa?”

Kisha akamwona mtoto. Akaacha kucheka. Akanywa yeye, akampa Anyango, naye akanywa. Awino akameza kidogo, akatapika.

Siku zote hizo Mama Afya alifundisha kwa picha ya ng'ombe. Hakuna aliyefungua kibuyu mbele yetu. Hakuna.

Jumapili, 27 Mei
Awino amekufa. Nyapara amesema lori la kampuni si la kubeba maiti ya mtoto hadi kwetu. Tumemzika hapa, kando ya chai, kwa watu wasiomjua.

Jumanne, 29 Mei
Anyango amefunga mizigo. Chebet alikuja mikono mitupu, akakaa nasi, akaenda.

Mbwa yuko mlangoni tangu asubuhi. Anangoja maziwa. Sijamfukuza.

Kesho nampeleka Anyango Asembo. Nitarudi Jumatatu.