Domitila, Nilijifunza Kuzamia kwa Ajili Yako

Mdogo wangu Domitila,

Sijui nikusalimu vipi. Mto ulipokuchukua ulikuwa na miaka saba, mimi kumi, na shikamoo hatukuwa tunaijua. Tulikuja kufundishwa huku Tanzania, shuleni, pamoja na Kiswahili hiki ninachokuandikia. Kwa hiyo ninaanza tu. Atakayeisoma barua hii hapa kijijini kwetu Murukulazo namsihi asimsomee mama.

Unakumbuka kule nyumbani Burundi ulivyokuwa na uchu wa ndizi za kuchoma? Ulikuwa unaiba yangu, halafu unakaa karibu yangu kunisaidia kuitafuta. "Labda kuku ameila," unaniambia, majivu yamekujaa mdomoni. Nilikuchapa mara moja tu, ukalia hadi mama akanichapa mimi. Ninavyotamani leo nikupe mkungu mzima uumalize peke yako!

Asubuhi tuliyokimbia vita, mama alivushwa kwanza pamoja na mizigo. Mtumbwi ukarudi kutuchukua sisi na watu wengine, wengi mno, na katikati ya mto Ruvubu ukapinduka nyuma ya mafunjo, mahali ambapo mama hakuweza kutuona. Ulinikumbatia shingoni. Tulizama wote wawili. Nami, Domitila, niliibandua mikono yako, kidole kimoja baada ya kingine, nikashika mafunjo. Nilipotolewa majini nikafikishwa kwa mama, nilimwambia sikukuona tena baada ya mtumbwi kupinduka.

Uongo huo nimeishi nao miaka ishirini na zaidi. Kwa vile hakuna aliyekuona umekufa, mama alikataa kuganduka. Hiyo kwetu ndiyo siku ya kumaliza msiba: watu wananyoa, wanaoga, wanakunywa pombe ya ndizi pamoja, na nyumba inarudi kuwa nyumba. "Nigandukeje na sijamzika?" ndivyo anavyowajibu ndugu kila wakimshauri. Hata ndoa yangu ilibidi ifanyikie Biharamulo, kule Kaniha kwa mjomba, maana kwetu palikuwa bado msibani.

Kisha vita vikaja tena, na watu wakaanza kuvuka mto uleule. Mimi nikapata kazi ya ukalimani katika zahanati ya kambi ya wakimbizi. Unajua mama alifanya nini? Alinituma nikutafute. Kila nikirudi kazini: "Umewauliza?" Nami nilikuwa nauliza kweli! Mwanamke wa umri wako akiingia na homa, au na uchungu wa kuzaa, namuuliza kama anaitwa Domitila, kama aliokolewa mtoni akiwa mtoto. Mmoja alinishika mkono akalia. "Mimi siitwi hivyo," alisema, "lakini kama mmekosa mtu, nichukueni mimi." Daktari akaniuliza anasema nini. Nikamwambia kichwa kinamuuma.

Baada ya mwaka mzima wa hayo, ofisi ikatupeleka wafanyakazi wachache pwani, tupumzike wiki mbili. Wenzangu walinicheka nilivyoshuka ufukweni na sweta. Waliposikia nimejiandikisha mafunzo ya kuzamia walidhani nimerukwa na akili, maana sijui hata kuogelea. Sikuwaambia nia yangu. Nilikuwa nimekata shauri nijifunze kukaa chini ya maji, nirudi Ruvubu, nikuokote hata mfupa mmoja, mama azike. Usinicheke na wewe. Nilikuwa nimefika mahali ambapo sikuwa na wazo jingine lolote kichwani.

Mwalimu wetu aliitwa Khatibu, mtu mpole, mzaliwa wa hukohuko. Alinivisha mtungi wa hewa mgongoni, akanifunga kiunoni mkanda wenye vyuma vizito nisielee, akaniweka mdomoni kile kidude cha kupumulia. "Vuta, toa. Usizuie pumzi, dadangu, hewa ipo tele." Siku mbili nilikuwa natapika maji ya chumvi. Siku ya tatu nilipiga magoti kwenye mchanga wa chini, maji yamenipita kichwa, na nikapumua. Samaki wadogo wa manjano wakapita mbele ya miwani yangu. Maji yalikuwa meupe, Domitila, nilikuwa naona mpaka kucha zangu. Nililia humohumo ndani ya miwani. Nikafikiri, kumbe inawezekana, nitakuona.

Tulipotoka nikamuuliza Khatibu kama mtungi ule unafaa mtoni.

"Mto upi?"

"Wa kwetu. Una matope, na unakimbia."

"Huko hutaona hata mkono wako. Na mkondo utakubeba. Kwani umepoteza nini?"

"Ndoo," nikamjibu.

Akacheka. "Basi si ununue nyingine."

Kesho yake nilirudi majini hivyo hivyo, kwa ubishi tu. Somo la siku hiyo lilikuwa juu ya mwenzako anapopatwa na hofu. "Mwenye hofu atakukaba shingo," Khatibu alitueleza. "Usimwonee haya. Bandua vidole vyake, jitoe kwanza wewe, ndipo utafute namna ya kumsaidia. Mkizama wote wawili imekwisha." Akanikaba ili nijaribu. Mikono yangu ikafanya kazi yenyewe, kidole kimoja baada ya kingine. "Ahsante! Mmeona? Hivyo hivyo!" akanisifu mbele ya wote. Nilivua mtungi, nikaketi mchangani, na sikuingia tena majini hadi tunaondoka.

Nilimkuta mama uani anapepeta maharage. "Na huko pwani uliuliza?" akaniambia hata kabla sijatua mzigo. Hapo nikashindwa. Nilimwambia yote, Domitila: shingo, mikono yako, vidole. Aliendelea kupepeta. Nilingoja anipige. Nilitaka anilaani, nilikuwa tayari kupiga magoti nimwombe anilaani. Alipepeta hadi maharage yakaisha takataka, akawa anapepeta maharage safi. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Alimwita nani?"

"Alikuita wewe, mama."

Akaweka ungo chini, akajifunika kitenge usoni, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Alipomaliza akaniita jina langu kwa upole, akaniambia niwatumie ndugu habari.

Jumamosi tunaganduka. Ndizi za pombe zimeshafukiwa ziive. Mjomba anakuja kutoka Kaniha na watu wake, na kila anayeingia uani mama anamsimulia: "Mwanangu alikufa akiniita." Anasema hivyo na uso umemng'aa, amekuwa mtu mwingine, anakula, analala. Majirani wananishukuru mimi. Watanyoa, nami nitanyoa pamoja nao, na sijui nitakimezaje kile kikombe cha pombe watakachonipa.

Vidole vyako labda utanisamehe, mtoto mwenzangu, nilikuwa na miaka kumi. Lakini hili la juzi nimelifanya nikiwa mtu mzima. Uliibuka mara moja kabla maji hayajakufunika, ukaniona nimeshika mafunjo, ukaita mara mbili. Mara zote mbili uliniita mimi.

Dada yako,
Skola