Mipira Niliyomnyang'anya Josué

Jumapili, Februari 2018. Malvern, Johannesburg.

Leo hakuna mvua. Jana jioni ilipiga ya mawe, leo hewa imepoa na nguo nilizofua alfajiri nimezikuta zimekauka niliporudi kutoka kanisani. Moyo umetulia. Sina hasira na mtu, isipokuwa mimi mwenyewe, na hata hiyo si hasira kali. Ni aibu tu, ile ya mtu aliyegundua jioni kwamba ameshinda kutwa na shati nje-ndani.

Kesho asubuhi natakiwa kumpa Kocha Basil karatasi moja kuhusu Josué.

Nieleze kidogo, maana nikija kusoma hapa baada ya miaka nitakuwa nimesahau. Klabu yetu ya besiboli ina timu mbili. Ya kwanza inacheza ligi kubwa ya jiji. Sisi wa timu ya pili tuko ligi ndogo, ligi ya vijana wanaopanda na wazee wanaoshuka. Josué ana miaka kumi na tisa, anapanda. Mimi nina arobaini na sita, nisijidanganye. Mwezi ujao kuna kambi ya mchujo, kila klabu inapeleka kijana mmoja, na watakaong'ara watachukuliwa ng'ambo, kwenye ligi ndogo za huko, walelewe mpaka wakomae. Kocha ana nafasi moja na vijana wawili. Akaniambia, mzee, wewe unasimama karibu naye kila Jumamosi, na wewe ndiye unayejaza daftari la mechi. Niandikie kama anafaa.

Yaani hatima ya mtoto wa watu imewekwa mkononi mwangu. Mimi, mlinzi wa ghala la vigae.

Besiboli niliikuta hapa hapa. Kigoma hatukuwa nayo. Nilipofika Johannesburg nililinda lango la uwanja wao, na Jumamosi moja walikuwa pungufu ya mtu mmoja. Wakaniambia, simama pale kushoto, nyuma kabisa, mpira ukija udake. Ukaja, nikaudaka. Nilikuwa golikipa shuleni, mikono haisahau. Tangu siku ile pale kushoto ni pangu.

Josué nilimleta mimi mwenyewe. Mama yake ni fundi wa nguo Yeoville, wametoka Bukavu mtoto akiwa na miaka sita, na tunasali kanisa moja. Alikuwa na mbio za ajabu. Siku moja baada ya ibada nilimwona akiukimbilia mpira wa wenzake ukielekea barabarani, akaufikia kabla haujagusa lami. Nikasema huyu nampeleka kwa Kocha.

Sasa anasimama katikati, nyuma, mimi niko upande wa kushoto, na upande wa kulia yupo Sipho, kijana wa rika lake. Sisi watatu ndio tunaoisubiri mipira mirefu inayopigwa juu.

Karatasi nilikuwa nimeshaiandika tangu Ijumaa. Miguu: mizuri sana. Mkono: unarusha mbali na kwa shabaha. Macho: anausoma mpira mapema, anaanza kukimbia wakati wengine bado wanautafuta mawinguni. Halafu chini nikaandika kasoro: *Mwoga. Misimu miwili sasa mipira ya upande wa kushoto inamshinda. Anasimama. Hayuko tayari.*

Nilijiona mtu wa haki. Nimemlea, lakini sikumpendelea. Nikalala usingizi mnono.

Jana tukacheza.

Mapema mpira ukapanda katikati yangu na yeye. Nikaukimbilia, yeye akasimama, nikaudaka. Watu wa pembeni wakashangilia mzee. Kocha akaniambia naonekana kijana wa miaka ishirini, nami nikajifanya sijasikia ili arudie.

Baadaye kidogo ukapigwa mwingine, safari hii kati yake na Sipho. Josué akapaza sauti kwa Kizulu, "Elami!", yaani huu ni wangu, sauti nene iliyofika mpaka barabarani. Sipho akakwepa kama mtu anayepisha pikipiki. Josué akaudaka akiwa anakimbia, hata pumzi hakupoteza.

Nikabaki namtazama. Huyu ndiye niliyemwandika mwoga?

Ala! Mbona kulia ni simba, kushoto ni kuku?

Jibu nilipewa mwishoni mwa mechi. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, wapinzani wana wakimbiaji wawili njiani. Mpira ukaruka juu sana, ukaja katikati yetu, karibu zaidi na yeye. Mimi nikaanza, goti likanikatalia, nikapunguza mwendo. Josué alikuwa ameshafika. Alikuwa chini ya ule mpira kabisa, angeudaka kwa mkono mmoja huku anapiga miayo. Aliponiona nakuja akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kidogo, akanipisha. Hivi hivi anavyonipisha mlangoni kanisani.

Mpira ukaanguka kwenye majani kati yetu. Wakimbiaji wote wawili wakafika, pointi mbili. Tukafungwa.

Na unajua alifanya nini? Alinifuata mpaka benchi, kofia mkononi, akasema, "Papa Rehema, unisamehe." Wakongo wanasema papa pale sisi tunaposema baba. Rehema ni binti yangu. Mtoto ananiomba msamaha kwa kosa langu!

Jana hiyo hiyo nilipofika nyumbani nilifungua daftari. Mipira yote iliyoanguka misimu hii miwili, nikaitafuta mmoja mmoja. Upande wa Sipho hakuna hata mmoja. Yote kushoto, kwangu. Na kila ulipoanguka, kosa nimemwandikia Josué, kwa mkono wangu, kwa kuwa sheria ya mchezo inasema mtu wa katikati ndiye mkubwa wa nyuma. Yeye ndiye anayetakiwa kupiga kelele, na akipiga kelele wote wanaondoka, awe mtoto, awe babu. Sheria naijua. Nimeitumia kumhukumu, sikuitumia kumpisha.

Halafu ipo mipira niliyoidaka. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Mingi ilikuwa yake. Nimeandikiwa sifa mimi, yeye akaonekana kasimama tu. Nyani haoni kundule, jamani. Misimu miwili namtafuta mwizi wa mipira ya Josué na ninaye ndani ya viatu vyangu.

Wala sio kwamba sikujua kabisa. Nikiri hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Kuna Jumamosi niliona ananipisha na nikapenda. Wiki nzima nasimama langoni, watu wanapita na magari yao hawanitazami, wengine hawajui hata kama nina jina. Jumamosi mpira unapanda, kijana mwenye mbio kuliko wote ananiachia, nadaka, napigiwa makofi.

Niliyapenda yale makofi.

Sasa, kwa nini ananipisha? Hilo nalo nalijua, na nalo limetoka kwangu. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu hivi, siku tunapanga viti kanisani, alimpigia kelele mzee mmoja asogee, kiti kilikuwa kizito. Nilimvuta pembeni. Nikamwambia mtoto hampazii mkubwa sauti, hata kama nyumba inaungua, mfuate, mguse bega, mwambie taratibu. Samaki mkunje angali mbichi, basi nikamkunja. Kazi yangu ilishika sawasawa.

Leo baada ya ibada nikaenda Yeoville kwao. Nilitaka kumwambia Josué moja kwa moja, lakini huwezi kumwamuru mtoto akuvunjie heshima bila mama yake kujua. Mama Josué nilimkuta anapiga pindo sare za kwaya. Nikamweleza yote, mpira, sheria, karatasi ya Kocha, kambi. Alipoelewa ninachoomba akaiweka sindano chini.

"Papa Rehema, unataka mutoto yangu akufukuze weye kama kuku, mbele ya watu?"

Nikasema ndiyo, hicho hicho.

Akacheka mpaka akajifuta machozi na kola ya sare. Halafu akaniangalia vizuri. Akasema yeye hana la kumwambia. "Weye ndiye ulifunga. Weye ndiye utafungua." Akamwita kijana.

Ni kweli, hata kwetu Kigoma ni hivyo hivyo. Aliyekukataza ndiye anayekuruhusu, mwingine hawezi. Nikamwambia Josué, mbele ya mama yake, kwamba pale kwenye majani mimi si Papa Rehema. Ni mtu wa kushoto, basi. Mpira ukiwa wako nifukuze. Akaitikia, ndiyo Papa Rehema.

Eish.

Tukashuka kwenye uwanja wa magari nyuma ya gorofa yao, mama akabaki juu kwenye roshani anatuangalia. Nikaurusha mpira juu, nikaukimbilia, yeye akaukimbilia.

"Papa Rehema, samahani, huu naona kama ni..."

Puu. Ulishaanguka, ukaingia chini ya gari la mtu. Mama Josué alicheka huko juu mpaka majirani wakachungulia. Nami nilicheka, nisiseme uongo. Kijana peke yake ndiye hakucheka, alilala kifudifudi akautoa mpira, akaufuta vumbi, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nikamwambia fupisha, mpira hausubiri salamu. Nikarusha tena. "Pardon, Papa!" Akasema na akasimama hapo hapo, kama vile ameshaniomba njia na sasa anangoja nimpe. Mpira ukanigonga begani.

Mara ya tatu nikamwambia usiniite chochote. Niambie kama unavyomwambia Sipho. Nikaurusha juu kabisa, ili apate muda. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona akivuta pumzi. Sauti haikutoka. Mpira ukaanguka mbele yetu, ukadunda, tukauangalia wote wawili mpaka ukatulia.

"Siwezi," akasema taratibu. "Kwa wengine naweza. Kwa weye siwezi."

Nilirudi kwa miguu kutoka Yeoville mpaka Malvern. Ni mbali, ila nilitaka kufikiri, na teksi za hapa zina muziki mkubwa. Kwenye taa za barabarani za kuingia Jules Street, robot wanavyoziita hapa, ikawaka kijani mara mbili na mimi bado nimesimama. Sharti niandike ukweli wote leo, basi na huu hapa: Josué aliposema hawezi, nilifurahi. Kwanza nilifurahi. Katika jiji hili ambalo binti yangu Rehema namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza huku macho yako kwenye simu, yupo kijana mmoja ambaye maneno yangu yamemkaa mpaka kooni. Baba gani hatafurahi?

Na furaha hiyo hiyo ndiyo inayomnyima kambi. Nikisubiri alivunje katazo langu, nitangoja mpaka awe na watoto wake. Wale watakaomtazama huko hawatajua habari za kanisa wala viti. Wataona kijana amesimama, mpira umeanguka. Wataandika neno lile lile nililoandika mimi.

Nilimwita mwoga. Si mwoga. Mtoto huyu ana adabu, na aliyeitumia vibaya adabu yake ni mimi.

Sasa hivi saa kumi na moja jioni. Rehema anapika wali, harufu ya kitunguu imejaa nyumba. Karatasi ya Ijumaa nimeichana. Nimeandika nyingine kwa Kiingereza changu cha langoni, pengine Kocha atacheka spelingi, acheke. Miguu, mkono, macho, nimeviacha kama vilivyokuwa. Lile neno mwoga halimo. Nimeandika kwamba mipira yote iliyoanguka upande wa kushoto, makosa yahamishiwe kwangu, na daftari ninalileta ili ahakiki mwenyewe. Nimeandika kwamba upande wa kulia kijana anaamrisha vizuri kuliko mtu yeyote wa timu ya kwanza, aende akamsikilize. Nimeandika anafaa. Apelekwe.

Nikaisoma. Ilikuwa ya kweli, lakini haijakamilika. Kambi ni mwezi ujao, kabla yake kuna mechi nne, na Kocha atakuja kumtazama kwa macho yake. Nikiwepo pale atamwona anainamisha kichwa. Naweza kuapa sitakimbilia mpira wake, lakini najijua. Mpira ukipanda miguu hainiulizi.

Nikakaa na kalamu muda mrefu. Rehema akaniita mara mbili kula, nikamwambia nakuja.

Kisha nikaongeza mstari wa mwisho: *Mtu wa kushoto atolewe kuanzia Jumamosi hii. Awekwe kijana wa rika la Josué, ili Josué aweze kumpigia kelele.* Nikatia sahihi, nikaikunja, nimeiweka kwenye mfuko wa koti la kazi nisije nikaisahau kesho, au nikajifanya nimeisahau.

Jumamosi nitakaa benchi na daftari langu. Mpira ukipanda upande ule, na Josué akaufokea kwa sauti yake yote, nitaandika jina lake. Mikono yangu sijui nitaiambia nini.